Kigari cha umeme kwenye mawe ya Nyiragongo: nani anunue, nani asubiri

Mto Rutshuru huzungusha mitambo ya Matebe, kituo cha umeme cha megawati 13 na ushee kilichojengwa na Mbuga ya Taifa ya Virunga na kuzinduliwa Desemba 2015. Nyaya zake zinashuka hadi Goma. Lakini gari linalotoka Goma alfajiri kwenda kulinda wanyama wa mbuga hiyohiyo, au kupeleka chumvi na seng'enge kwenye shamba la ng'ombe la Masisi, linakunywa mazuti yaliyosafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Umeme tumezaliwa nao, mafuta tunayafuata ng'ambo, na kazi zote za porini tunazifanya kwa mafuta. Ndiyo maana mwenye ardhi anayeuliza kama wakati wa kununua kigari cha umeme umefika anauliza jambo la maana, hata kama jirani zake wanamcheka.

Nazungumzia vile vigari vya wazi vyenye magurudumu manne manene, viti viwili au vitatu mbele na sanduku la mizigo nyuma. Havikuundwa kwa barabara kuu. Viliundwa kwa shamba, msitu na mawindo. Toleo lao la umeme lilipata umaarufu kupitia wawindaji wa Marekani: Natchez, katika jimbo la Mississippi, ndiko ilikoanzia kampuni ya Bad Boy Buggies miaka ya 2000, kwa wazo jepesi kabisa la kuchukua mtindo wa kigari cha golfu, kukiinua, kukifunga matairi ya porini na kumpeleka mwindaji hadi kwenye maficho yake bila kumshtua mnyama. Baadaye makampuni makubwa yakaingia. Polaris ilikuwa na Ranger EV ya betri za asidi, kisha Desemba 2021 ikatangaza Ranger XP Kinetic ya betri za lithiamu, yenye nguvu za farasi 110. Hicho ndicho kigari ambacho mtu wa Goma mwenye shemeji yake Marekani ataonyeshwa kwanza kwenye simu.

Kwetu, mawindo ni jambo la kushika kwa uangalifu. Sheria ya uwindaji ya Kongo ni ya tarehe 28 Mei 1982, na nchi ina maeneo yaliyotengwa kisheria kwa ajili ya mawindo, likiwamo la Rutshuru hapa Kivu Kaskazini, na matatu yanayoizunguka Mbuga ya Garamba: Azande, Mondo Missa na Gangala na Bodio. Virunga yenyewe, iliyoanzishwa 1925 kwa jina la Mfalme Albert, hairuhusu kuwinda hata sungura. Na waliowinda bila ruhusa wameshawinda vya kutosha. Viboko wa Ziwa Edward na mito yake walizidi 25,000 katika miaka ya 1970. Hesabu ya mwaka 2005 haikufikisha 1,000. Waliwamaliza watu wenye bunduki za vita, na nyama ikauzwa.

Kwa hiyo ardhi ya mawindo ya Kivu leo inahitaji gari la kulinda na kubeba kuliko gari la kufuatilia mnyama. Hata Tanzania, ambako vitalu vya uwindaji vinakodishwa kihalali na wageni wanalipa fedha nyingi, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumpiga mnyama risasi ukiwa ndani ya gari. Kazi ya gari ni kufikisha watu, maji, mahema na, mwisho wa siku, nyama. Anayenunua kigari kwa Masisi, kwa Rutshuru au kwa kitalu cha kusini mwa Tanzania ananunua punda wa kazi, na amchague kwa mgongo wake.

Tuanze na kile ambacho matangazo hukitaja kwanza, yaani ukimya. Ni kweli upo, na umeshajaribiwa kwingine barani. Chobe Game Lodge nchini Botswana imekuwa ikitembeza wageni kwa magari na boti za umeme tangu 2014, na Ila Safari Lodge, katika Mbuga ya Kafue huko Zambia, ikafuata muda si mrefu. Mgeni anamsikia ndege badala ya injini, na tembo hainui masikio. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: kampuni ya Sweden iitwayo CAKE ilishirikiana na chuo cha wanyamapori cha huko, Southern African Wildlife College, kutengeneza pikipiki ya umeme ya walinzi wa wanyama, kwa hoja kwamba jangili husikia pikipiki ya petroli ikiwa bado mbali na huwa ameshatoweka walinzi wakifika.

Hoja hiyo ina nguvu hadi uifikishe kwenye barabara ya Goma–Rutshuru. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma umo mikononi mwa waasi wa M23, na kabla ya hapo pia eneo letu lilikuwa limejaa vizuizi na watu wenye silaha wa kila rangi. Mtu aliyeshika bunduki kwenye kizuizi usiku anataka kukusikia ukija. Mvumo wa injini ni hodi. Kigari kinachotokea gizani bila sauti, tena bila namba za barabarani, ni mshtuko, na mshtuko mbele ya bunduki sina haja ya kueleza mwisho wake. Walinzi wa Virunga wanayajua haya kuliko mwandishi yeyote: tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, makao makuu ya mbuga, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja, na Januari 2021 wakauawa wengine 6. Mtu asiwauzie hawa ukimya kana kwamba ni zawadi tupu. Ndani ya ardhi yako, kwenye njia unazozijua na wanaokujua, ukimya ni faida. Nje ya uzio wako, washa taa mapema, na kama kigari kina king'ora kidogo cha kuonya, usikizime.

Halafu kuna mawe. Ukimya wa kigari cha umeme unadumu kwenye majani na udongo. Kwenye mawe ya volkano kuanzia Kibati, kaskazini mwa Goma, kwenda juu, matairi yenyewe yanapiga kelele kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga, na nyati atakusikia tu. Mawe hayo ndiyo mtihani wa kwanza wa gari lolote hapa. Lava ya mlima Nyiragongo ya Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tunachokanyaga ni mwamba mpya wenye makali, unaokula tairi laini kwa miezi michache. Matairi mengi ya vigari vya Marekani yameundwa kwa matope na nyasi, yana mpira mwepesi na yanajazwa upepo mdogo. Muulize muuzaji kipimo cha tairi kabla ya kumuuliza chochote kuhusu betri, kisha nenda na kipimo hicho kwa kwado wa mtaani kwako umuulize kama amewahi kuziba tairi ya namna hiyo na kama inapatikana Goma, Kampala au Kigali. Akitikisa kichwa, ongeza kwenye bei matairi manne ya akiba na rimu mbili.

Chini ya kigari napo patazamwe. Ranger Kinetic ina nafasi ya sentimita 35 kutoka ardhini, ambayo inatosha kwa njia nyingi za Masisi lakini haitoshi kwa kila jiwe la Kibati. Betri hulala chini kabisa, katikati ya magurudumu, na hilo linasaidia kigari kisipinduke mteremkoni. Lakini ndilo linaloweka kitu cha bei ghali kuliko vyote mahali pa kwanza pa kugongwa. Bila bamba nene la chuma au aluminiamu chini ya betri, usinunue. Uliza pia kiwango cha kuzuia maji: kile kiitwacho IP67 maana yake kifaa kimepimwa kikiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mvua za kuanzia Septemba zikishika, mito midogo ya Masisi haimsubiri mtu asome kijitabu cha maelekezo.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi, kwa sababu yaliandikwa kwa watu wa nchi tambarare, ni urefu wetu kutoka usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na milima ya Masisi inapanda zaidi ya hapo. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kwa hiyo hapa mjini tayari imeshapoteza karibu asilimia 15 kabla haijaanza kazi. Mota ya umeme haipumui hewa, na nguvu yake ni ileile ziwani na kileleni. Tena hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu tairi linapoanza kujongea, bila kupandisha mizunguko wala kuunguza klachi. Mtu aliyewahi kutoka Sake kupanda Mushaki na mzigo, gia ya kwanza, moshi umejaa nyuma, anaelewa thamani ya jambo hili. Wakati wa kushuka, mota hugeuka kuwa jenereta, hushika breki na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu halisi ya mtu wa Kivu kutamani kigari cha umeme. Ukimya ni nyongeza.

Sasa masafa. Ranger Kinetic ilitangazwa kwa betri mbili: ndogo ya kilowati-saa 14.9 inayodaiwa kwenda kilomita 72, na kubwa ya kilowati-saa 29.8 inayodaiwa kwenda kilomita 129. Wakati ilipotoka, bei zilianzia dola 24,999 na 29,999 huko Marekani, kabla ya meli, bima, ushuru na yale mengine ambayo kila mwagizaji wa Goma anayafahamu bila kuandikiwa gazetini. Kilomita hizo ni za mwendo wa kiasi. Ukipakia mzigo, ukapanda matope, gawanya kwa mbili, na usimwamini anayekataa kugawanya. Betri ndogo basi inakupa kilomita 35 hivi za kazi ngumu. Rumangabo iko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, hutafika.

Kwa nini basi mtu akinunue? Kwa sababu kigari hiki si cha kutoka mjini. Kinalala shambani, kinafanya kazi shambani, na jioni kinarudi kwenye soketi ileile. Meneja wa shamba la Masisi anayezunguka kukagua uzio, kubeba maziwa hadi kwenye kiwanda kidogo cha jibini na kumpeleka daktari wa mifugo bondeni, hafikishi kilomita 30 kwa siku. Kituo cha walinzi chenye njia zake za doria kinaweza kuwa hivyohivyo. Andika kwa wiki mbili umbali halisi ambao gari lako linatembea kila siku. Kama siku ndefu kuliko zote haizidi nusu ya kilomita za tangazo, una haja ya kuendelea kusoma. Kama inazidi, Land Cruiser yako inakutosha na hakuna aibu.

Soketi yenyewe ndiyo penye kesi. Mjini tuna bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: umeme wa Virunga Energies kutoka Matebe, na wa kampuni ya Nuru ambayo mwaka 2020 ilifungua kituo cha jua cha megawati 1.3 huko Ndosho. Lakini mapigano ya Januari 2025 yalikata nyaya, mji ukaingia gizani na pampu za maji zikasimama. Na mashamba mengi ya Masisi, pamoja na sehemu kubwa ya eneo la mawindo la Rutshuru, hayajawahi kuona waya. Huko kuna jua tu, nalo halitupi kila siku. Mawingu ya Virunga hayana adabu. Tuhesabu kwa saa 4 za jua kamili kwa siku. Kujaza betri ya kilowati-saa 15 kunahitaji paneli za jumla ya kilowati 4 hivi, yaani paneli kubwa tisa au kumi, pamoja na inveta na betri nyingine ya kuhifadhi, kwa kuwa mchana kigari kiko kazini na hakiwezi kuchajiwa. Gharama hiyo inakaribia kuwa gari la pili. Ikiwa nyumba ya shamba tayari ina paneli zake, hesabu inabadilika kabisa. Ikiwa utategemea jenereta ya petroli kuchaji kigari cha umeme, basi umeamua kunywa mafuta kwa mrija mrefu.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko porini. Iko kwenye vitabu vya hesabu vya watengenezaji. Ile CAKE ya pikipiki za walinzi ilifilisika Februari 2024. Volcon ya Texas, iliyokuwa ikiuza kigari cha umeme cha porini kiitwacho Stag, mwaka 2025 ilibadilisha jina kuwa Empery Digital na kugeuka kampuni ya kukusanya bitcoin. (Virunga nayo inachimba bitcoin, huko Luviro upande wa kaskazini, kwa umeme wa mto ambao haukuwa na wateja wa kutosha, lakini Virunga haikumwahidi mtu vipuri.) Pikipiki ya petroli ambayo kiwanda chake kimekufa bado itatengenezwa Birere, hapa Goma, kwa miaka 15. Kigari cha umeme kinaongozwa na programu; kikigoma kwa kosa la kompyuta na aliyeiandika hayupo tena, fundi wako hodari kuliko wote atasimama akikitazama.

Hapo ndipo Land Cruiser ya mazuti inaposhinda bila kupigana. Gereji yoyote ya Goma inaifungua na kuifunga, vipuri vinatoka Dubai hadi kwenye maduka yetu, na dereva akikwama Kitshanga atapata mtu anayeijua. Wenye kuchukia moshi watauliza kuhusu kuibadilisha iwe ya umeme. Jambo hilo limefanyika Nairobi: Opibus ilianza mwaka 2017 kwa kung'oa injini za magari ya safari na kufunga mota na betri. Lakini leo kampuni hiyo inaitwa Roam, na nguvu zake imezipeleka kwenye pikipiki na mabasi, na mimi nasoma uamuzi huo kama taarifa ya soko: fedha iko kwenye vyombo vingi vidogo vinavyorudi kituoni kila jioni.

Kuhusu aina ya betri, chagua ile ya lithiamu, chuma na fosfeti. Haina kobalti wala nikeli, ni nzito kidogo, lakini inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na haiwaki moto kwa urahisi. Nchi yetu hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi kutoka Kolwezi na maeneo yake, na huenda msomaji akaona ni usaliti kumshauri Mkongomani akwepe kobalti. Lakini kobalti ya Kolwezi hairudi Kongo ikiwa na dhamana ya miaka minane. Nunua kinachodumu.

Kusafirisha betri nako si kama kusafirisha nguo. Lithiamu huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, meli hudai karatasi zake, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati wa vita vya Januari 2025. Kipuri cha kinachoharibika kitafuata njia ya Kigali au ya Kampala, kupitia Bunagana ambayo imekuwa chini ya M23 tangu Juni 2022. Muuzaji anayekwambia kipuri kinafika kwa wiki moja hajui unakoishi.

Hukumu yangu, basi. Kwa walinzi na kwa wenye ardhi kubwa wanaotaka kujaribu umeme mwaka huu, waanze na pikipiki ya umeme. Kigali, tangu Januari 2025, haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya abiria. Kwa hiyo ng'ambo ya mpaka tu wapo mafundi wanaofungua pikipiki za umeme kila siku, na betri zake ni nyepesi kiasi cha mtu kuzibeba hadi kwenye soketi. Ikifa, umepoteza fedha ya pikipiki. Kigari cha magurudumu manne kinamfaa mwenye shamba ambaye tayari ana umeme wa uhakika wa kilowati 3 usiku kucha, ambaye siku yake ndefu haizidi kilomita 35, na ambaye ana gari la mafuta pembeni la kumvuta. Watu wa namna hiyo Kivu Kaskazini wapo, ni wachache, na wengi wao wako Masisi. Kwa eneo la mawindo la Rutshuru, na kwa doria ndefu za Virunga, bado.

Na kama wewe ni mmoja wa hao wachache, usitume malipo ya kwanza kwa kuona video ya kigari kikipita kwenye nyasi za Texas. Mwambie muuzaji akilete, au akupeleke kilipo hata kama ni Kigali au Kampala. Pakia kilo 400 za chumvi, tafuta kilima chenye matope, panda na kushuka hadi betri ibaki robo, kisha soma kilomita ulizokwenda. Akikataa jaribio hilo, funga mfuko wako.